FREDDIE MERCURY NA WIMBO ULIOITWA MREFU MNO

Wenzangu wengi hapa Kighare, nikiwaambia kuwa mwimbaji wa kundi la Queen alizaliwa Unguja, hudhani nawatania. Basi naomba nafasi niwasimulie maisha yake kwa ufupi.

Jina lake la kwanza lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba, 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi, na baba yake alikuwa mtunza fedha serikalini. Alipokuwa na umri wa miaka 8 alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, Bara Hindi. Sisi tunaoshuka milimani mwisho wa muhula na kufika nyumbani siku ile ile, yafaa tumfikirie mtoto huyo aliyetenganishwa na mama yake kwa bahari nzima. Huko alijifunza piano, akaunda bendi na wanafunzi wenzake.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, jamaa yake wakahamia Uingereza. London alisomea uchoraji, na mwaka 1970 akaanzisha Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor. John Deacon alijiunga nao mwaka uliofuata.

Mwaka 1975 alitunga wimbo uitwao Bohemian Rhapsody. Wimbo huo hauna kiitikio. Huanza polepole, hugeuka kama mchezo wa opera, kisha magitaa hunguruma, na mwishowe hutulia. Ndani yake limo neno la Kiarabu ambalo kila mtu wa pwani hulitamka kabla ya kula. Sauti za watu watatu tu zilirekodiwa tena na tena, zikawekwa juu ya nyingine, hata zikawa kama kwaya kubwa.

Wakubwa wa kampuni ya santuri waliukataa. Ulikuwa wa karibu dakika 6, na redio zilizoea nyimbo za dakika 3. Walitaka ukatwe. Freddie na wenzake hawakukubali. Mtangazaji mmoja wa London, Kenny Everett, akaupiga mara nyingi katika siku mbili, na watu wakaanza kuuulizia madukani.

Uingereza santuri zilizouzwa zilihesabiwa kila juma na kupangwa kwa nafasi. Wimbo ule ulioitwa mrefu mno ulishika nafasi ya kwanza majuma 9 mfululizo. Marekani ulifika nafasi ya 9 mwaka 1976.

Tarehe 23 Novemba, 1991, Freddie alitangaza kuwa ana Ukimwi. Siku ya pili yake alifariki, akiwa na umri wa miaka 45. Wimbo ukatolewa upya, ukashika tena nafasi ya kwanza kwa majuma 5, na fedha zikaenda kusaidia wagonjwa wa maradhi hayo hayo. Mwaka 1992 ulifika nafasi ya pili Marekani, baada ya kusikika katika filamu.

Mimi naona fundisho moja. Kukataa shauri la wakubwa si jambo la kusifiwa kila mara, na wengi hulikataa kwa uvivu. Lakini yeye alikuwa amekwisha ifanya kazi yake kwa bidii mpaka akaijua kila sehemu. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kusema kazi yake isikatwe.