Simon van der Stel na Mizabibu ya Constantia

Kila tusikiapo habari za mzabibu, mawazo yetu huenda upesi katika nchi za Biblia, ng'ambo ya bahari. Lakini katika bara letu hili liko shamba la mizabibu lililopandwa zaidi ya miaka 300 iliyopita, na divai yake tamu ilitafutwa hata katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Shamba hilo ni Constantia, karibu na mji wa Cape Town, kusini kabisa mwa Afrika. Twataka kusimulia habari zake yule aliyelianzisha.

Simon van der Stel alizaliwa baharini, tarehe 14 Oktoba 1639, merikebuni, wazazi wake walipokuwa wakienda kisiwa cha Mauritius. Baba yake, Adriaan, alikuwa ametumwa kukitawala kisiwa hicho na Kampani ya Waholanzi iliyofanya biashara na nchi za Mashariki. Mama yake alikuwa Maria Lievens. Na huyo Maria alizaliwa na mwanamke wa Kihindi aliyekuwa mtumwa, kisha akapewa uhuru. Mwanamke huyo alijulikana kwa jina la Monica wa Pwani ya Goa. Msomaji na alishike jina hilo, maana tutalirudia.

Baba aliuawa vitani Seilani mwaka 1646. Simon alipopata kuwa kijana alikwenda Uholanzi mwaka 1659, akamwoa Johanna Jacoba Six, binti wa jamaa tajiri wa Amsterdam. Huko alikuwa na mizabibu yake mwenyewe, akajifunza kuitunza. Hata mwaka 1679 Kampani ikamtuma awe mkuu wa kituo chake cha Rasi ya Tumaini Jema. Akaenda pamoja na watoto wake. Mkewe hakufuatana naye, akabaki Uholanzi.

Alikuwa mtu wa kazi nyingi. Mwaka ule ule aliofika alichagua bonde zuri lenye mto, akawakaribisha wakulima wakae huko, akaliita kwa jina lake, Stellenbosch. Akaamuru miti ya mwaloni ipandwe, na baadhi ya barabara za mji ule zina kivuli chake hata leo. Lakini jambo lililomwudhi sana ni divai. Mizabibu ilikwisha kupandwa kabla yake, na divai ya kwanza ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Ila wakulima walizoea kuchuma zabibu mbichi, na kutia divai katika mapipa machafu. Basi akapiga marufuku mtu kukamua zabibu kabla hazijakaguliwa na kuonekana zimeiva, na mvunja amri alitozwa faini.

Mwaka 1685 mjumbe mkuu wa Kampani, bwana van Rheede, alimpa ardhi nyuma ya mlima, yapata hekta 763, mahali pa upepo wa bahari. Hiyo ndiyo Constantia. Mwaka 1691 alipandishwa cheo kuwa liwali, na mwaka 1699 alipostaafu alihamia huko moja kwa moja, akamwachia mwanawe Willem Adriaan uliwali. Huyo mwana aligombana na wakulima, hata Kampani ikamwita arudi Uholanzi mwaka 1707. Mzee hakuhamishwa, akaendelea na mizabibu yake.

Divai iliyolipatia shamba hili sifa hutengenezwa kwa zabibu za muskati, zenye harufu kama ya maua. Zikiiva hazichumwi upesi, bali huachwa mtini hata zianze kunyauka na kukunjamana, maji yapungue na sukari ibaki. Vishada vingi hutoa divai kidogo. Ni kazi ya subira, na yataka mikono mingi sana.

Mikono hiyo ilikuwa ya nani? Hapa ndipo habari inapotutia uzito moyoni. Ilikuwa mikono ya watumwa. Merikebu za Kampani zilikwenda kuwanunua Bukini. Wengine waliletwa kutoka Uhindi na visiwa vya Mashariki, na wengine kutoka Msumbiji, jirani zetu hasa. Hao ndio waliolima, wakapogoa, wakakanyaga zabibu kwa miguu yao. Tena waliandikwa vitabuni kwa jina moja tu na mahali walikotoka: fulani wa Bengala, fulani wa Bukini, fulani wa Msumbiji. Ndivyo alivyoitwa bibi yake liwali mwenyewe. Sisi hatuwezi kujua moyoni mwake mlikuwa na nini alipozisoma orodha za watu wake. Lakini hatukubali kwamba hakuelewa maana ya jina la namna ile. Zile sifa zilizoandikwa juu yake mara nyingi huipita habari hii upesi. Walimu wanaofundisha historia wasiipite.

Alifariki tarehe 24 Juni 1712, na shamba likagawanywa na kuuzwa. Mwaka 1778 Hendrik Cloete alinunua sehemu yenye nyumba kubwa, akaitengeneza upya, na divai ya Constantia ikavuma kuliko zamani. Napoleon alipelekewa hata kifungoni kwake kisiwani Saint Helena. Kazi bado ilikuwa ya watumwa. Uhuru wao ulitangazwa mwaka 1834, lakini walilazimishwa kutumikia mabwana wale wale miaka minne zaidi, hata 1838.

Baadaye ukungu uliishambulia mizabibu, kisha mwaka 1886 wakaonekana huko Rasi wadudu wadogo walao mizizi, na divai ile tamu ikatoweka. Serikali ilikuwa imelinunua shamba la nyumba kubwa mwaka 1885. Nyumba iliungua mwaka 1925, ikajengwa tena. Ndipo mwaka 1982, katika sehemu iitwayo Klein Constantia, muskati ikapandwa upya, na mavuno ya mwaka 1986 yakatoa divai ya namna ya kale. Wavunaji hupita safu zile zile mara nyingi, kila mara wakichuma vishada vilivyonyauka tu, na vingine wakiviacha juani.