Paul Robeson: Mwigizaji aliyeikana filamu yake

PAUL Robeson aliaga dunia Januari 23, 1976, akiwa na umri wa miaka 77. Hata hivyo, filamu zake zinapoonyeshwa kwa mfululizo mwishoni mwa juma, mtazamaji humwona mtu aliyetafuta heshima ya Mwafrika katika sanaa isiyokuwa tayari kuitoa.

Alizaliwa Princeton, Marekani, mwaka 1898, babake akiwa kasisi aliyetoroka utumwa. Alihitimu katika sheria, lakini akauacha uwakili na kugeukia uigizaji na uimbaji.

Akiishi London katika miaka ya 1930, alijifunza Kiswahili miongoni mwa lugha nyingine za Afrika. Ndiposa akakubali kumwigiza Bosambo katika filamu ya Sanders of the River, akiamini ingeuonyesha utamaduni wa Waafrika kwa hadhi. Jomo Kenyatta, aliyekuwa akisoma jijini humo, aliigiza chifu kwa muda mfupi.

Filamu hiyo ilipotoka 1935, iligeuka kuwa sifa kwa ukoloni wa Uingereza. Robeson aliikana hadharani.

The Proud Valley ya 1940, kuhusu wachimba makaa wa Wales, ndiyo iliyomridhisha zaidi. Baada ya Tales of Manhattan, mwaka 1942, aliipa Hollywood kisogo.

Misimamo yake ya kisiasa ilimfanya anyang'anywe pasipoti na serikali ya Marekani mwaka 1950. Alirejeshewa 1958.

Miaka mitano baadaye Kenya ilijinyakulia uhuru, ikiongozwa na yule chifu wa filamuni.