Walter Plowright: Jamaa wa Muguga aliyeshinda sotoka, nyumbu wakamshinda

Ukikaa Kitengela, ng'ombe kupita kati ya maghorofa si habari tena, na nyama choma iko kila kona. Ni rahisi kudhani hawa ng'ombe wamekuwa hapa siku zote. Zii. Miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka ulipita nchi ya Wamaasai ukaacha mizoga kila mahali. Njaa ikafuata, ndui nayo ikaja juu yake. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, yaani maangamizi.

Leo sotoka haiko tena duniani. Baada ya ndui, ndio ugonjwa wa pili kuwahi kufutwa kabisa. Na chanjo iliyofanya mambo ikapikwa hapa hapa kwetu, kwenye maabara ya Muguga, kando ya barabara ya kwenda Limuru. Aliyeongoza kazi hiyo aliitwa Walter Plowright.

Plowright alizaliwa mwaka 1923 Holbeach, sehemu ya wakulima huko Uingereza. Alisomea udaktari wa mifugo London, akamaliza 1944, akaingia jeshini, halafu 1950 akaajiriwa na serikali ya kikoloni kama daktari wa mifugo. Alifanya kazi Kenya na Nigeria, na 1956 akatua Muguga kushughulikia virusi.

Chanjo ya sotoka ilikuwepo tayari, lakini ilikuwa na shida zake. Ile ya Kabete ilitengenezwa kwa kupitisha kirusi ndani ya mbuzi, na kuna ng'ombe waliochanjwa wakaugua vibaya. Sasa utamwambia nini mfugaji ambaye mali yake yote ndiyo hiyo?

Plowright na mwenzake Ferris wakaachana na mbuzi. Walichukua seli za figo za ndama, wakazikuza ndani ya vioo, kisha wakaziambukiza sotoka. Kirusi kikishazaana, wanakitoa na kukiweka kwenye seli mpya. Halafu tena. Na tena. Karibu mara 90.

Ujanja uko hapa. Kila kirusi kinapojinakili, makosa madogo yanaingia kwenye jeni zake. Porini, makosa mengi yanakiangusha. Ndani ya kioo maisha ni mengine: hakuna kinga ya mwili ya kupambana nayo, hakuna ng'ombe mzima wa kuvamia. Wanaoshinda ni wale wanaozaana vizuri kwenye figo basi. Polepole kirusi kilizoea maisha ya kioo, kikapoteza makali ya kuua. Ni mageuzi yale yale ya Darwin uliyosoma shule, ila hapa mtu ndiye aliyekuwa akipanga mazingira.

Ukimdunga ng'ombe kirusi hicho, haugui, na anapata kinga ya maisha. Chanjo yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, na kwa sababu kinga dhidi ya aina moja ya sotoka inazuia aina zote, dozi ile ile ilifanya kazi Kajiado, Sudan na hata India.

Kuanzia 1962 hadi 1976, kampeni kubwa ilichanja ng'ombe katika nchi 22 za Afrika. Watu wakaona kazi imekwisha, wakalegea, na miaka ya 1980 sotoka ikarudi kwa kishindo. Ikabidi wachanjaji na wafugaji waanze upya, boma kwa boma. Mara ya mwisho ugonjwa kuonekana ilikuwa 2001, kwa nyati wa Meru.

Lakini kuna upande wa pili wa maisha ya Plowright, na huu unaigusa Kitengela moja kwa moja.

Wamaasai walijua kitambo kwamba nyumbu wakizaa, ng'ombe walio karibu wanaanza kufa: homa kali, macho yanakuwa meupe, pua inatoa usaha. Mwaka 1960 Plowright na wenzake walionyesha kwamba nyumbu hubeba kirusi cha ugonjwa huo. Wafugaji walikuwa sawa. Wengi walilaumu kondo la nyuma linaloachwa nyasini, ila utafiti ulionyesha wasambazaji wakubwa ni ndama wa nyumbu wenyewe, kupitia majimaji ya pua na macho katika miezi yao ya kwanza.

Nyumbu mwenyewe haugui. Yeye na kirusi wamezoeana kwa vizazi vingi mno. Ng'ombe ni mgeni kwenye hayo makubaliano, na akiambukizwa, karibu kila mara anakufa. Plowright alijaribu kutengeneza chanjo ya huu pia. Haikushika. Mbinu iliyoiangusha sotoka haikutosha hapa.

Aliondoka Muguga 1971 akawa profesa London. Mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Alifariki Februari 2010, na mwaka uliofuata dunia ikatangaza rasmi kwamba sotoka imeisha. Hakuisikia hiyo habari.

Chanjo ya ugonjwa wa nyumbu bado inafanyiwa utafiti na majaribio Kenya na Tanzania. Kwa sasa dawa ya mfugaji ni ile ya babu yake: nyumbu wakianza kuzaa mwanzoni mwa mwaka, unahamisha ng'ombe, unawaachia nyasi nzuri. Kitengela ya leo imejaa ploti, seng'enge na kuta za mawe. Nyumbu wamepungua sana, na mwenye ng'ombe naye anazidi kukosa pa kuhamia. Kwa hivyo ukiona mzee anapitisha mifugo kando ya Namanga Road mwezi wa pili na matatu zinampigia honi, mpe nafasi apite. Huenda anakimbiza mali yake kutoka kwa kile kirusi kilichomshinda Plowright.