Dorothy Kilgallen: Mwanadada aliyeizunguka dunia kwa siku 24

Kuizunguka dunia kwa ndege za abiria, safari ambayo leo huweza kumalizika kwa siku mbili au tatu, mwaka 1936 kulikuwa shindano kali baina ya magazeti ya New York.

Dorothy Kilgallen, mzaliwa wa Chicago na binti wa mwandishi wa habari, alikuwa na umri wa miaka 23 na mwanamke pekee kati ya washindani watatu. Sharti lilikuwa kutumia vyombo ambavyo msafiri yeyote angeweza kuvilipia nauli.

Waliondoka Marekani Septemba 30 kwa meli ya angani Hindenburg hadi Ujerumani. Hapo ndipo njia zilipotengana. Bud Ekins alipanda ndege za Kiholanzi, akamaliza kwa siku 18 na ushee. Kilgallen alipanda za Kiingereza hadi Hong Kong, akalazimika kufika Manila kwa meli ya baharini, na akarejea baada ya siku 24.

Ushindi ulimponyoka, umaarufu haukumponyoka. Safari yake ilizaa kitabu, na kuanzia mwaka 1938 aliandika safu iliyosomwa kote Marekani hadi alipofariki dunia Novemba 8, 1965, akiwa na umri wa miaka 52.