Papa Pio wa Tano na Misale ya Kale

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, walisoma Misa katika kitabu kilichotokana na amri ya Papa Pio wa Tano. Wazee wa Kongowe wanaoikumbuka Misa ya Kilatini waliisikia hiyo hiyo.

Alizaliwa Bosco, Italia, mwaka 1504, jina lake Antonio Ghislieri. Alichunga kondoo, hata Wadominiko wakampokea akiwa na miaka 14. Mwaka 1566 akachaguliwa kuwa Papa. Siku zile majimbo mengi yalikuwa na misale zao, na wapiga chapa walizidi kuongeza makosa. Mtaguso wa Trento, uliokwisha mwaka 1563, ulimwachia Papa kazi ya kuzisahihisha. Pio akatoa Breviari mwaka 1568, na Misale mwaka 1570.

Wako wanaomdhania kuwa alifuta desturi zote za kale. Sivyo. Desturi iliyotimiza miaka 200 aliiacha. Ndiyo maana Milano ilibaki na Misa yake, na Wadominiko, ndugu zake, yao. Sisi twaiona busara yake hapo zaidi kuliko katika amri yenyewe. Anayetaka kuchoma misale kuukuu iliyoliwa na mchwa na afikiri kwanza.

Pio alifariki tarehe 1 Mei 1572. Misale yake, iliyorekebishwa mara kadhaa, ilitumika hata mwaka 1970, ilipotoka ile ya Papa Paulo wa Sita.