Ella Fitzgerald: msichana wa barabarani aliyehukumiwa na watu wa Harlem

Leo jina lake linajulikana popote wanaposikiliza jazz. Ella Fitzgerald alipata tuzo 13 za Grammy, aliimba karibu miaka 60, na diski zake zinapigwa hadi sasa kwenye radio za mabara yote. Lakini njia yake ilifunguliwa na watu wasiokuwa na cheo chochote: wafanyakazi, wapishi, wafuaji nguo na vijana wasiokuwa na kazi, waliolipa tikiti ya bei ndogo na kukaa juu balkoni. Ile usiku ya tarehe 21 Novemba 1934, wao ndio walikuwa waamuzi. Wangeweza kumfukuza. Kumbe walimpa ushindi.

Yatima kwa miaka 15

Ella alizaliwa tarehe 25 Aprili 1917 katika mji wa Newport News, jimbo la Virginia, huko Marekani. Baba na mama yake waliachana mapema. Mama, Temperance, alihamia na mtoto kaskazini, katika mji wa Yonkers karibu na New York, na akaishi na mwanaume mwingine, Joseph Da Silva. Mama alifanya kazi ya kufua nguo. Hawakuwa matajiri, lakini mtoto alisoma, aliimba kanisani, na zaidi ya yote alipenda kucheza dansi. Alicheza njiani na vijana wenzake, watu wakawatupia senti.

Mwaka wa 1932 mama yake alikufa. Ella alikuwa na miaka 15. Ndugu ya mama yake alimchukua na kumpeleka Harlem, mtaa mkubwa wa Weusi wa New York. Marekani ilikuwa katikati ya shida kubwa ya uchumi; kazi zilikuwa zimekwisha, na Harlem iliumia kupita mitaa mingine. Ella aliacha masomo. Ili apate kula, alibeba karatasi za loto ya siri, na kuna wakati alisimama mlangoni pa nyumba ya malaya kuangalia kama polisi wanakuja.

Polisi walimkamata. Aliwekwa kwanza katika nyumba ya mayatima Weusi huko Bronx, kisha akapelekwa shule ya serikali ya kurekebisha wasichana, katika mji wa Hudson. Jina lilikuwa shule, lakini maisha ya mle yalikuwa ya gereza. Wasichana Weusi walitengwa na wenzao, na kwaya ya shule ilikuwa ya wazungu tu. Ella, ambaye sauti yake ingesikika siku moja dunia nzima, hakupata nafasi ndani yake. Alipotoka hapo hakuwa na mahali pa kurudi. Alirudi Harlem na kulala huku na huku, kama maibobo.

Jukwaa lisilokuwa na huruma

Kwenye barabara ya 125, ukumbi wa Apollo ulikuwa umefunguliwa upya mwezi wa kwanza 1934. Zamani ulikuwa ukumbi wa michezo ya wazungu, na Weusi hawakuruhusiwa kukaa humo. Sasa ulikuwa wao. Programu ilikuwa ya aina ile ya zamani ya Marekani: orkestra, wachekeshaji, wachezaji wa dansi, wafanya viini macho na waimbaji, wanafuatana mmoja kisha mwingine, na sinema katikati.

Siku ya Jumatano usiku ilikuwa siku ya wageni wa jukwaa, yaani watu ambao muziki haukuwa kazi yao. Aliyeongoza alikuwa Ralph Cooper, mtangazaji mwenye maneno mazuri na suti safi. Kipindi kilikuwa kikirushwa kwenye radio WMCA, kwa hiyo hata wale wasiokuwa na pesa ya tikiti walisikia nani ameshinda na nani ameaibika.

Sheria ilikuwa rahisi. Hakukuwa na meza ya wakubwa wenye kalamu na karatasi. Waamuzi walikuwa ukumbi mzima, watu karibu 1,500. Wakipendezwa, walipiga makofi na kusimama. Wakichukia, walizomea mpaka mtu hasikii tena sauti yake mwenyewe. Hapo king'ora kililia, na mchekeshaji mmoja, aliyeitwa Porto Rico, alitoka pembeni na nguo za ajabu na bunduki ya mchezo, akamfukuza mshindani jukwaani huku watu wanakufa kwa kicheko. Wale waliovumilia hadi mwisho walipangwa kwenye mstari, na kiongozi akaweka mkono juu ya kichwa cha kila mmoja. Aliyepigiwa kelele za shangwe kupita wengine, huyo alishinda.

Waliokuwa wakali kabisa walikuwa wale wa juu balkoni, wenye tikiti za bei ndogo. Walisikiliza muziki mzuri kila wiki, walijua nani anaiba mtindo wa mwingine, nani hana sauti, nani anajisifu bure. Kwao, jasho walilotoa kupata senti za tikiti halikuwa la kuchezewa.

Miguu ikakataa

Ella na wasichana wawili marafiki zake walikuwa wamechezea kura ili kujua nani ataandika jina kwenye mashindano. Kura ilimwangukia Ella. Shabaha yake ilikuwa kucheza dansi, si kuimba. Lakini kabla ya zamu yake, kina dada Edwards walipanda jukwaani. Walikuwa wachezaji wa kazi, nguo zao zinameta, miguu yao myepesi. Ella alijitazama: kanzu iliyochakaa, viatu vizito vya kiume miguuni. Aliona wazi kwamba akicheza kisha ya hao, atakuwa kichekesho.

Alipoitwa, alisimama pale mwangani na miguu ikakataa. Watu wakaanza kunung'unika. Hakuna aliyejua kuwa ni yatima, wala kwamba alitoka katika shule ya wafungwa watoto, na hata wangejua, Apollo haikuwa mahali pa kupewa kura ya huruma. Kulibaki kitu kimoja tu cha kujaribu. Aliamua kuimba wimbo Judy, ambao mama yake aliupenda, kwa namna ya Connee Boswell, mwimbaji aliyemsikia mara nyingi kwenye diski nyumbani.

Mwanzoni sauti ilitetemeka. Kisha ikasimama. Ukumbi ukanyamaza, na Apollo ikinyamaza ni dalili kubwa. Alipomaliza, watu walitaka aendelee, naye akaimba The Object of My Affection. Mikono ilipowekwa juu ya vichwa vya washindani, hakukuwa na ubishi. Ella alipata zawadi ya kwanza, dola 25.

Wakubwa waliangalia nguo

Hapa ndipo habari inapouma. Desturi ilikuwa mshindi apewe pia wiki moja ya kazi ya kulipwa kwenye ukumbi. Ella hakupewa. Wanaoandika maisha yake wanaeleza kwamba sababu ilikuwa sura na mavazi: hakuwa msafi wa kutosha, wala si mrembo wa kutosha, kwa macho ya wenye kazi. Watu wa balkoni walikuwa wamefunga macho na kusikiliza. Wakubwa walifungua macho na kuziba masikio.

Mwanamuziki Benny Carter, aliyemsikia usiku ule, alijaribu kumpeleka kwa wenye orkestra wakubwa. Fletcher Henderson hakuvutiwa. Mwanzoni mwa 1935 Ella alijaribu tena kwenye Harlem Opera House, jengo lililokuwa kwenye barabara ile ile. Alishinda tena, na safari hii alipewa wiki yake, akaimba na orkestra ya Tiny Bradshaw.

Kisha wakamleta mbele ya Chick Webb, mpiga ngoma na bwana wa ukumbi wa dansi Savoy. Yeye pia alisita alipomwona. Jambo la ajabu, maana Webb mwenyewe alikuwa kilema wa mgongo, mfupi sana, na alijua uchungu wa kupimwa kwa macho. Mwishowe alikubali kumjaribu kwenye dansi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale. Aliwaachia watu waamue. Watu wakaamua, na Ella akaingia kwenye orkestra.

Kisha ya hapo

Mwaka wa 1938 walitoa A-Tisket, A-Tasket, wimbo uliotoka katika mchezo wa watoto, na diski zaidi ya milioni moja zikauzwa. Webb alikufa tarehe 16 Juni 1939. Ella, mwenye miaka 22, ndiye jina lake liliwekwa mbele ya orkestra mpaka 1942.

Mwaka huo huo wa 1942, msichana mwingine alishinda Jumatano ya Apollo: Sarah Vaughan. Zawadi yake ya wiki ya kazi alipewa, na aliyemfungulia jukwaa alikuwa nyota mmoja tu: Ella Fitzgerald.

Yaliyofuata ni maarufu. Aliimba bila maneno, sauti yake ikifanya kazi ya tarumbeta. Tangu 1956 aliimba vitabu vizima vya nyimbo za watunzi wakubwa wa Marekani. Huko Berlin, mwaka wa 1960, alisahau maneno ya Mack the Knife mbele ya maelfu ya watu, akatunga mengine pale pale, na diski ya usiku ule ikampatia Grammy. Msichana aliyeganda jukwaani alikuwa amejifunza kuwa kosa si mwisho, mradi sauti isikatike.

Kuhusu Hudson hakusema kitu hadharani maisha yake yote. Watu walikuja kujua vizuri mwaka wa 1996, mwaka aliokufa. Lakini alisaidia sana watoto wasiokuwa na wazazi, na mwaka wa 1993 alianzisha shirika la kusaidia watoto na masomo. Mwaka ule ule ugonjwa wa sukari ulimkata miguu yote miwili, ile miguu aliyotaka kuchezea dansi. Alikufa nyumbani kwake Beverly Hills tarehe 15 Juni 1996, na miaka 79.

Apollo bado ipo barabara ya 125, na siku ya Jumatano watu bado wanahukumu. Wanakosea pia, maana umati unaweza kuzomea mtu mzuri. Lakini kwa Ella, wenye tikiti za bei ndogo ndio waliosikia kwanza.