Desi Arnaz: Alikubali kupunguziwa malipo, akaishia kumiliki studio

Mfanyabiashara anayevuka mpaka anajua tofauti ya kulipwa ujira wa kubeba mzigo na kuwa mwenye mzigo. Desi Arnaz, mwigizaji wa televisheni aliyetamba Marekani miaka ya 1950, aliijua tofauti hiyo mapema kuliko matajiri waliomwajiri.

Arnaz alizaliwa Machi 2, 1917 mjini Santiago, Cuba. Baba yake alikuwa meya wa mji huo na familia ilikuwa na uwezo. Mwaka 1933 serikali ya Rais Gerardo Machado ilipoangushwa, mambo yaligeuka. Baba alitiwa gerezani na mali ya familia ikapotea. Baba alipoachiwa, yeye na mwanawe walikimbilia Miami, Marekani, na huko kijana wa meya akawa anasafisha vizimba vya ndege ili apate riziki.

Kilichomtoa hapo ni muziki. Alipiga gitaa na ngoma za kwao, akaingia katika bendi ya Xavier Cugat, kisha akaanzisha ya kwake. Mwaka 1940 alicheza filamu kwenye studio za kampuni ya RKO, Hollywood, na hapo akakutana na mwigizaji Lucille Ball. Walioana Novemba mwaka huohuo.

Miaka kumi baadaye, kituo cha CBS kilimtaka Lucille kwa mchezo wa vichekesho kwenye televisheni. Lucille alitaka mume wake halisi ndiye acheze nafasi ya mume. Wakubwa wa kituo walisita, wakidai watazamaji hawatamkubali Mcuba mwenye lafudhi ya kigeni. Wanandoa hao hawakubishana. Mwaka 1950 walianzisha kampuni yao, Desilu, wakazunguka miji mbalimbali wakicheza jukwaani pamoja. Kumbi zilijaa, na hoja ya wakubwa ikafa.

Mkataba uliobadili kila kitu

Likazuka suala la gharama. Wakati huo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, karibu na watazamaji wengi. Arnaz na mkewe walitaka kubaki California. Njia pekee ya kuwafikishia watazamaji wa mashariki picha safi ilikuwa kurekodi kwenye filamu, jambo lililokuwa ghali. Arnaz alitoa ofa: wao wawili wapunguziwe malipo ya kila wiki, na mikanda ibaki mali ya Desilu baada ya kurushwa. CBS ilikubali bila shida, kwa kuwa kipindi kilichokwisha kuonyeshwa kilihesabiwa kama gazeti la jana.

I Love Lucy ilianza Oktoba 15, 1951. Ilirekodiwa kwa kamera tatu kwa wakati mmoja, mbele ya watazamaji walioketi ukumbini, utaratibu ambao vichekesho vingi vya televisheni viliufuata baadaye. Januari 19, 1953, kipindi cha kuzaliwa kwa mtoto kilitazamwa na watu takriban milioni 44.

Mikanda ile ilipoanza kurudiwa, ilionekana kuwa watu hawaichoki. CBS ikalazimika kununua kwa mamilioni ya dola kitu ilichokuwa imekiachia bure. Mwishoni mwa 1957 Desilu ilinunua studio za RKO kwa zaidi ya dola milioni 6. Palepale alipokuwa ameajiriwa kama mwigizaji mgeni, Arnaz sasa alikuwa mwenye nyumba. Desilu ilitengeneza vipindi vyake na kukodisha majengo kwa wengine.

Lakini biashara ilipopanda, nyumba ilishuka. Kazi ilikuwa ya usiku na mchana, na pombe ikamzidi nguvu. Ndoa ilivunjika mwaka 1960. Mwaka 1962 alimuuzia Lucille hisa zake na kuondoka katika kampuni aliyoijenga. Chini ya uongozi wa mama huyo Desilu ilitoa Star Trek na Mission: Impossible mwaka 1966, na mwaka uliofuata ikauzwa kwa kampuni ya Gulf+Western kwa dola milioni 17. Wakati huo Arnaz hakuwa tena na sehemu ndani yake.

Alirudi kutengeneza kipindi kimoja baadaye na kufuga farasi, lakini hakurudi tena alikokuwa. Alifariki dunia Desemba 2, 1986 huko California kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 69.

Akili ya mkataba ilimpa mkimbizi huyu mali ambayo mapinduzi yaliinyang'anya familia yake. Safari ya pili hakuna aliyemnyang'anya. Chupa ndiyo iliyomwondoa mezani. Mikanda ya mwaka 1951, hata hivyo, iliendelea kuingiza fedha miaka mingi baada ya mwenyewe kufariki.